Kioo Kisichopanda: Uchunguzi wa Hitilafu katika Dirisha la Umeme la Gari

Ichukuliwe kwamba gari limefikishwa gereji kwa sababu kioo cha mlango wa abiria wa mbele hakipandi wala hakishuki. Fundi anabandua ubao wa ndani wa mlango, anachomoa plagi ya mota na kuziweka ncha mbili za mita katika plagi hiyo. Msaidizi wake anabonyeza swichi, na mita inaonyesha volti 12. Fundi anakata shauri kwamba umeme unafika, na kwa hiyo mota ndiyo iliyokufa. Mwenye gari ananunua mota nyingine. Inafungwa, swichi inabonyezwa, na kioo hakisogei.

Mita haikusema uongo, na mota ya kwanza ilikuwa nzima. Fedha zimepotea kwa sababu ya hatua moja tu ya hoja, ile ya kutoka "volti 12 zipo" hadi "umeme unatosha". Mwanafunzi wa sekondari aliyekwisha kusoma kanuni ya Ohm anao ujuzi wote unaohitajika kuligundua kosa hilo. Makala hii inaonyesha jinsi ujuzi huo unavyotumika mlangoni mwa gari, na kwa nini uchunguzi wa hitilafu ni kazi ya kisayansi na si ya kubahatisha.

Muundo wa Mfumo

Vioo vya magari vinavyoendeshwa kwa nguvu si jambo jipya. Magari ya anasa ya kampuni ya Packard ya Marekani yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuwekewa vioo hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Katika mfumo ule mota ya umeme ilisukuma mafuta, na mafuta ndiyo yaliyoinua kioo. Baadaye mafuta yaliachwa, na kila mlango ukapewa mota yake ndogo.

Mota hiyo hutumia mkondo mnyoofu wa betri, na ndani yake mna sumaku za kudumu. Hulka moja ya mota ya namna hii ni muhimu sana: mkondo ukigeuzwa mwelekeo, mota nayo huzunguka kinyume. Hivyo waya mbili tu zinatosha kupandisha na kushusha kioo. Waya wa kwanza ukipewa chanya na wa pili hasi, kioo hupanda; zikibadilishana, kioo hushuka.

Mhimili wa mota huzungusha gia ya parafujo, yaani skrubu inayosukuma gurudumu lenye meno. Gia hii hupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuzungusha. Aidha hujifunga yenyewe: mota huweza kulizungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha mota. Ndiyo sababu kioo hakishuki kwa uzito wake wala hakisukumwi chini kwa mkono. Kutoka kwenye gia, mwendo hufikishwa kwenye kioo kwa waya wa chuma unaopita katika kapi, au kwa mikono miwili ya chuma inayofunguka kama mkasi.

Upande wa umeme, msomaji afuate njia hii: betri, fyuzi, rilei, swichi kuu iliyo mlangoni mwa dereva, swichi ya abiria, kisha mota. Katika magari mengi yenye mfumo wa kawaida, swichi zikiwa zimetulia, waya zote mbili za mota huwa zimeunganishwa na hasi. Kubonyeza swichi huhamisha waya mmoja tu kwenda chanya. Wa pili hubaki kwenye hasi na kuwa njia ya kurudia mkondo. Swichi ya abiria hupata chanya yake kwa waya wa pekee, lakini njia zake za kurudia hupitia swichi kuu. Kwa hiyo hata abiria anapobonyeza swichi yake mwenyewe, mkondo wa mota yake hurudi kupitia swichi ya dereva.

Dalili Kabla ya Bisibisi

Kwa kuwa njia ya umeme inajulikana, dalili huweza kusomwa kabla ya kufungua kitu chochote.

Kwanza, ikiwa vioo vyote vimekufa, sehemu ya kushukiwa ni ile inayovihudumia vyote: fyuzi, rilei, waya mkuu au hasi ya swichi kuu. Ni nadra mota nne kuharibika kwa siku moja. Ikiwa kioo cha dereva kinafanya kazi na vingine vimekufa, yafaa kitazamwe kwanza kitufe cha kuwafungia abiria, ambacho huenda kimebonyezwa bila kukusudia.

Pili, ikiwa kioo hutii swichi moja na kuikataa nyingine, basi mota ni nzima. Vivyo hivyo kioo kikienda upande mmoja tu, huku mota ikiwa kimya kabisa upande wa pili. Waya mbili za mota hutumika katika pande zote mbili, na kama mmojawapo ungekuwa umekatika, kioo kisingesogea kabisa. Hitilafu hiyo hutafutwa ndani ya swichi au katika waya zinazozifikia swichi.

Tatu, ikiwa mota inasikika ikizunguka lakini kioo kimetulia, umeme hauna hatia. Waya wa chuma umekatika, meno ya gia yamelika, au kioo kimechomoka katika kishikio chake.

Nne, ikiwa kioo hufanya kazi mlango ukifunguliwa kiasi fulani na kukataa ukifungwa, macho yaelekezwe kwenye bomba la mpira lililo kati ya mlango na bodi. Waya hupinda hapo kila mlango unapofunguliwa. Mlango unaofunguliwa mara 10 kwa siku huzipinda waya hizo mara 3,650 kwa mwaka. Nyuzi za shaba huchoka na kukatika mmoja baada ya mwingine, huku ganda la plastiki likionekana zima.

Tano, kioo kikifa katika pande zote mbili, na kwa swichi zote mbili, hitilafu huwa karibu na mota: ni mota yenyewe, plagi yake, au waya zilizo kati yake na swichi ya abiria. Hii ndiyo hali ya gari lililotajwa mwanzoni. Fundi alikuwa mahali panapostahili. Kilichomponza ni namna alivyopima.

Volti 12 Zisizoinua Kitu

Ichukuliwe kwamba nyuzi za mota zina ukinzani wa omu 0.8. Ichukuliwe pia kwamba ndani ya mlango, mahali maji ya mvua yanapopita, pana kiungo cha waya kilichosokotwa kwa mkono katika matengenezo ya zamani. Shaba imeota kutu ya kijani, na kiungo hicho sasa kina ukinzani wa omu 10. Katika miji ya pwani, ambako hewa ina chumvi, kutu ya namna hii huwahi kuota.

Fundi alipoichomoa plagi ya mota, alibakiza mita peke yake. Mita ya kisasa ya tarakimu huwa na ukinzani wa takriban omu milioni 10, kwa hiyo mkondo unaopita ndani yake ni mdogo mno. Kwa mujibu wa kanuni aliyoitangaza Georg Simon Ohm mwaka 1827, volteji inayopotea katika ukinzani ni zao la mkondo na ukinzani huo. Mkondo ukiwa karibu sifuri, kinachopotea katika kiungo nacho ni karibu sifuri. Katika mfano huu ni kiasi cha volti 0.000012 tu. Mita inaonyesha volti 12 kamili, kana kwamba kutu haipo.

Sasa mota irudishwe. Jumla ya ukinzani ni omu 10.8, na mkondo ni 12 ikigawanywa kwa 10.8, yaani karibu ampea 1.1. Volteji inayoifikia mota ni 1.1 mara 0.8, yaani karibu volti 0.9. Mota iliyohitaji ampea kadhaa ili ianze kuzunguka imepewa moja. Haisogei, na mota mpya iliyowekwa mahali pake haisogei vilevile.

Kwa hiyo kipimo ni jibu la swali lililoulizwa. Fundi aliuliza: "Je, pana volteji wakati hakuna kinachovuta mkondo?" Akajibiwa kwa ukweli kwamba ipo. Swali lililompasa kuuliza lilikuwa hili: "Je, volteji hiyo hubaki wakati mota inavuta mkondo?" Njia ya umeme hupimwa ikiwa na mzigo wake.

Yafaa pia kutazama nishati inakokwenda. Katika hali hiyo kiungo chenye kutu hupokea 1.1 mara 1.1 mara 10, yaani takriban wati 12, na zote hugeuka joto katika mahali padogo. Joto hilo hukaribia lile la kifaa kidogo cha kulehemu kwa risasi. Fyuzi ya ampea 20 haitaungua, kwa kuwa mkondo ni ampea 1.1 tu. Fyuzi hulinda waya dhidi ya mkondo uliozidi. Haioni kiungo kibovu. Harufu ya plastiki inayoungua, au kiungo cha moto kinapoguswa, ni ushahidi ambao fyuzi haitoi. Na ikiwa fyuzi imeungua, kuweka kipande cha waya mahali pake ni kuondoa ulinzi uliopo na kualika moto ndani ya mlango.

Kuitafuta Sehemu Mbovu

Njia rahisi ya kuweka mzigo ni kutumia taa ya gari ya wati 21. Katika mifumo ya kawaida taa hiyo huunganishwa katika plagi ya mota, mahali pa mota yenyewe, na swichi hubonyezwa pande zote mbili. Taa hiyo huvuta ampea 1.75 ikiwa na volti 12. Isipowaka au ikiwaka kwa unyonge, njia ya umeme ni mbovu. Ikiwaka vizuri pande zote mbili, shaka huhamia kwenye mota.

Hata hivyo taa ina mpaka wake. Kiungo chenye omu 1 tu kingeipunguzia taa kama volti 1.5, na jicho huweza kukosa kuiona tofauti hiyo. Lakini mota inapoanza kuzunguka, omu hiyo moja ingeishusha volteji yake hadi volti 5 na ushei. Kwa sababu hiyo uthibitisho wa mwisho hupatikana mota ikiwa imeunganishwa, swichi ikiwa imebonyezwa, na ncha za mita zikigusa nyuma ya plagi bila kuichomoa.

Upimaji huo huongozwa na kanuni aliyoieleza Gustav Kirchhoff mwaka 1845: jumla ya volteji zinazotumika katika mzunguko mmoja hulingana na volteji ya betri. Volti 12 hazipotei pasipo mahali. Zisipokuwa kwenye mota, zipo kwingine katika njia, na mita itazikuta. Katika gari la mfano huu, swichi ikiwa imebonyezwa, vipimo vingekuwa hivi: kutoka betri hadi kwenye swichi ya abiria, volti 0.1, kati ya pande mbili za swichi hiyo, 0.1, kutoka swichi hadi plagi ya mota, 10.8; kwenye mota, 0.9, na kutoka mota kurudi hasi ya betri, 0.1. Jumla ni 12. Hakuna haja ya kubahatisha tena, kwani volti 10.8 zinapotea katika kipande cha waya kisichofika urefu wa mkono.

Upande wa kurudi haupaswi kusahauliwa. Fundi akigusisha ncha moja ya mita kwenye waya wa mota na nyingine kwenye bodi ya gari, amepima njia ya kwenda tu. Kama njia ya kurudi imekatika, mita itaonyesha volti 12 na mota haitazunguka. Mota hupimwa kati ya waya zake mbili.

Njia ikiwa ndefu, kuna utaratibu unaopunguza kazi: kupima kwanza katikati. Katika mnyororo wa sehemu 8, ambao mmoja wake tu ni mbovu, kuanza mwisho mmoja na kwenda sehemu kwa sehemu huweza kuhitaji vipimo 7. Kupima katikati huondoa sehemu 4 kwa mara moja. Kipimo cha pili huondoa 2, na cha tatu huacha moja. Vipimo 3 vinatosha.

Pale Hitilafu Isipokuwa ya Umeme

Kioo kinachopanda polepole huweza kuwa na maradhi mawili tofauti yenye dalili moja. Huenda mota haipati volteji ya kutosha, au huenda inapata lakini imelemewa. Mita huyatenga. Volteji kwenye mota wakati inazunguka ikiwa volti 7, hitilafu ipo katika waya, plagi au swichi. Ikiwa ni volti 11 na zaidi na mkondo ni mkubwa kuliko kawaida, kuna msuguano uliozidi. Ikiwa volteji ni nzuri lakini mkondo ni mdogo, brashi za kaboni za mota huenda zimelika.

Ukubwa wa msuguano hudhihirika kwa hesabu. Kuinua kioo cha kilo 3 kwa mita 0.4 huhitaji 3 mara 9.8 mara 0.4, yaani takriban jouli 12. Mota inayovuta ampea 5 kwa volti 12 katika sekunde 4 hutumia jouli 240. Sehemu 5 tu katika 100 ndizo zinazoinua kioo. Zilizobaki humezwa na joto la mota, na msuguano wa gia na wa mipira inayokibana kioo. Vumbi likijaa katika mipira hiyo, au mpira ukikauka kwa jua, mzigo wa mota huongezeka ijapokuwa uzito wa kioo ni uleule.

Mota iliyolemewa huzunguka polepole, na mota inayozunguka polepole huvuta mkondo zaidi. Sababu ni kwamba mota inapozunguka huzalisha volteji yake inayopingana na ile ya betri. Mota ya omu 0.8 inayovuta ampea 5 hutumia volti 4 katika nyuzi zake. Zile 8 zilizobaki hukabiliwa na volteji hiyo ya kupinga. Ikizuiwa isizunguke, volteji ya kupinga hutoweka na mkondo hupanda hadi 12 ikigawanywa kwa 0.8, yaani ampea 15. Kwa ajili ya hali hiyo mota nyingi zimewekewa kinga ya joto, ambayo huzuia mkondo mota ikipata moto na kuuruhusu tena ikipoa. Kioo kinachokwama katikati na kufanya kazi baada ya kupumzishwa kwa hiyo huashiria mzigo uliozidi. Mipira isafishwe na kukaguliwa kabla ya mota kununuliwa.

Magari ya Miaka ya Karibuni

Katika magari mengi ya sasa, swichi haipitishi mkondo wa mota. Hupeleka ishara kwenye kompyuta ndogo, nayo ndiyo inayoiendesha mota na kuhesabu mizunguko yake. Kwa hesabu hiyo kompyuta hujua kioo kilipo, na hutambua kinapokutana na mkono wa mtoto. Kanuni za usalama za Ulaya na za Marekani zinataka kioo kinachojifunga chenyewe kirudi chini kabla kani ya kubana haijazidi niutoni 100, kiasi kinacholingana na uzito wa mzigo wa kilo 10. Betri ikitolewa, kompyuta huweza kusahau mahali pa kioo, na dirisha likaonekana bovu ilhali linahitaji kufundishwa upya kwa utaratibu wa kitabu cha gari. Katika mifumo hii taa ya majaribio isiunganishwe kwenye waya za ishara, na plagi za njano, ambazo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa ya usalama, zisiguswe.

Katika gari lolote, la zamani au la sasa, kioo kifungwe kisianguke kabla ya kufungua vishikio vyake, na mkono usiingizwe penye waya wa chuma na gia wakati umeme upo.

Jaribio la Darasani

Fumbo la volti 12 huweza kuonyeshwa darasani bila gari. Vinahitajika seli kavu mbili za tochi, balbu ndogo ya volti 2.5 na ampea 0.3, kikinzani cha omu 100 na voltimita. Kikinzani kiunganishwe kwenye seli kwa mfuatano, na volteji ipimwe mahali patakapowekwa balbu. Voltimita yenye ukinzani mkubwa itaonyesha karibu volti 3. Wanafunzi waulizwe kabla ya kuendelea kama balbu itawaka, na kila mmoja aandike jibu lake. Kisha balbu iunganishwe. Haitawaka, na voltimita itashuka chini ya volti 0.3. Hatimaye voltimita ihamishiwe kwenye kikinzani, nazo volti zilizopotea zitaonekana hapo.

Maswali

1. Kwa kutumia ukinzani wa kiungo wa omu 3 badala ya 10, tafuta mkondo, volteji ya mota isiyozunguka, na wati zinazogeuka joto katika kiungo. Je, kiungo kina joto zaidi au pungufu kuliko kile cha omu 10? Eleza sababu.

2. Katika mfumo wa kawaida ulioelezwa, waya mmoja kati ya ule wa kupandisha na ule wa kushusha, zinazotoka swichi kuu hadi swichi ya abiria, umekatika kwenye bawaba ya mlango wa abiria. Dereva hawezi kupandisha wala kushusha kioo hicho. Abiria, kwa swichi yake, anaweza kukipandisha lakini hawezi kukishusha. Chora mzunguko, kisha onyesha ni waya upi uliokatika na kwa nini hakuna haja ya kununua mota.